Mzazi wa Kijapani na mlango wa kurudia

Juzi alipiga simu yule binti wa Kijapani aliyekaa kwetu Unguja mwaka mzima akijifunza Kiswahili. Anataka kurudi kuendelea na masomo, baba yake anasita. Kaka yangu, aliyekuwa pembeni anakunywa chai, akadakia: "Wajapani waoga. Hela wanazo, pasipoti yao inafungua kila mlango, halafu mtoto anazuiwa kusoma!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Kwetu mtoto akipata chuo nje, ukoo mzima unachangishana. Hofu yetu ni moja: asije akanogewa huko asirudi. Mzazi wa Kijapani hofu yake imekaa upande wa pili. Anajua mtoto atarudi. Anachojiuliza ni kama atakuta pa kuingilia.

Kampuni kubwa za Japani huajiri vijana kwa mkupuo. Chuo kinakwisha Machi, na tarehe 1 Aprili wote wanaanza kazi siku moja. Kuitafuta kazi hiyo, wenyewe wanaita shukatsu, huanza kijana akiwa mwaka wa tatu: suti nyeusi, mikutano ya kampuni, usaili juu ya usaili, mpaka Oktoba ya mwaka wa nne barua rasmi za ahadi ya kazi zinapotoka. Na mwaka huohuo wa tatu ndio vijana wengi hupata nafasi ya kwenda nje. Ukienda, wenzako wanahangaika na usaili, wewe hupo. Wengine wakirudi hulazimika kumaliza chuo kwa miaka 5 badala ya 4.

Sasa mtazame huyo mzazi mwenyewe ni nani. Ni mtu aliyemaliza chuo miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, uchumi ulipoporomoka na kampuni zikafunga milango. Wajapani wanakiita kipindi kile zama za barafu za ajira. Aliyekosa kazi mwaka wake wa kumaliza hakuambiwa asubiri mwakani; mwakani walichukuliwa wahitimu wapya, yeye akabaki na vibarua na mikataba mifupi, wengine mpaka mvi zikawaota. Baba huyu aliona rafiki zake wakipotelea hivyo. Leo binti yake anamwambia, "Baba, naenda Afrika mwaka mmoja, nikirudi nitatafuta kazi." Wewe ungelala usingizi? Huyo si mwoga. Ni mtu aliyeshuhudia mlango ukifungwa, akaukumbuka.

Na jambo hili si la jana. Mwaka 1871 serikali ya Japani ya enzi za Mfalme Meiji ilipeleka wasichana watano Marekani. Mmoja alikuwa na miaka 11, na kabla hajaondoka mama yake akambadilisha jina, akamwita Sutematsu. Ndani ya jina hilo mna sauti mbili: kutupa, na kungoja. Nakutupa, nakungoja. Nikilifikiria jina hilo nashindwa kuvumilia mtu akiniambia wazazi wa Kijapani hawana moyo. Sutematsu alirudi 1882 na shahada ya Vassar, chuo cha wanawake huko Marekani, mwanamke wa kwanza wa Kijapani kupata shahada ya chuo. Akakuta ofisi iliyowapeleka imevunjwa, kazi aliyoandaliwa haipo, na kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe kunampa tabu. Mwenzake Tsuda Umeko, aliyeondoka na miaka 6, alikuwa amekisahau Kijapani. Leo sura ya Tsuda iko kwenye noti ya yeni 5,000, lakini shule yake ya wanawake aliianzisha 1900, miaka 18 baada ya kurudi.

Kuna pia hofu ya kupoteza uhai wenyewe. Oktoba 1992 Yoshihiro Hattori, kijana wa miaka 16 kutoka Nagoya, alibisha hodi nyumba isiyo yenyewe huko Baton Rouge, Marekani, akitafuta sherehe, akapigwa risasi akafa. Wazazi wake wangeweza kuichukia Marekani. Walikusanya saini zaidi ya milioni moja kupinga silaha majumbani, kisha wakaanzisha mfuko wa kuwaleta vijana wa Kimarekani kusoma Japani.

Pesa nayo imo. Mwaka 2011 dola ilifika chini ya yeni 76, mwaka 2024 ikapita 160. Yaani dola ileile ya kumsomeshea mtoto nje ikamgharimu mzazi yeni mara mbili.

Haya, nakubali, wapo wanaobana kupita kiasi. Tangu Aprili 2022 sheria yao inamhesabu mtu mzima akifika miaka 18, na mtu mzima ana haki ya kuchagua hata njia itakayomuumiza. Lakini serikali inayotaka vijana 500,000 wasome nje kwa mwaka ifikapo 2033 ingeanza na waajiri. Zipo kampuni zilizokwisha kuanza kuajiri mwaka mzima. Zikiwa nyingi, baba mtu atalegea mwenyewe.

Mama alimwuliza binti, "Baba yako kasemaje hasa, mwanangu?"

"Aliniuliza nikirudi nitakuwa na miaka mingapi."

"Basi?"

"Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama kile chumba changu hapo kwenu bado kipo."

"Mwambie kipo," mama akasema. "Na chandarua nimekifua."