Fundi cherehani kaimaliza albamu, wewe umeishia ngoma ya tano

Msanii wa Bongo Fleva Marioo alivyoachia albamu yake The God Son Novemba 2024, dada mmoja fundi cherehani wa huku kwetu Mbagala akaandika posti kuhusu ile albamu. Alisema ameisikiliza kutwa nzima yuko kwenye cherehani na sare za harusi za watu, ngoma ya kwanza hakuisikia vizuri maana kuna mteja alikua anabishana nae bei, halafu kuna moja huko mbele ilimkuta anatia lastiki akajikuta mguu umesimama kwenye pedeli, ikabidi arudie ule mshono. Mwishoni akasema albamu ni nzuri ila ina ngoma mbili tatu zinafanana sana mpaka ukiwa unafanya kazi hujui moja imeisha saa ngapi.

Komenti zikamshukia. Nani kakuuliza habari za mteja wako? Hii ni shajara au ni albamu? Ongelea muziki dada, maisha yako wahadithie mashoga zako.

Mimi iliniuma, na si kwa sababu namfahamu. Ila ngoja kwanza niwape haki yao waliomkatalia, maana wana hoja. Bongo Fleva ina njaa ya watu wanaoichambua kama kazi ya fundi. Mtu akisema ngoma imenigusa hajakwambia vina vimekaaje, kiitikio kimebeba au kimepwaya, biti ni mpya au ni ile ile ya mwaka jana imebadilishwa ngoma za chini tu. Prodyuza anakesha studio wiki nzima na jina lake halitajwi hata mara moja. Na shabiki aliyeachwa juzi kila wimbo wa mapenzi utamliza, sasa msanii achukue nini hapo cha kwenda kurekebisha? Hilo nakubali kabisa.

Ninachokataa ni kuona kwamba yule asiyetaja maisha yake ndio kasikiliza vizuri zaidi.

Tupige hesabu. Albamu ya ngoma 17, kila moja ukiiwekea dakika tatu, ni dakika 51. Albamu zetu siku hizi nyingi zinatoka saa sita usiku, na ikifika saa sita na robo ushaona watu wameshatoa hukumu, kali, mbovu, kachuja, karudi, wengine wameshazipanga na nafasi kuanzia bora mpaka mbaya. Dakika 15! Hata kama hujaruka sekunde moja hapo umefika ngoma ya tano tu. Sound from Africa ya Rayvanny ya 2021 ina ngoma 23, hiyo ni zaidi ya saa nzima umekaa, na bado kuna watu walikua na jibu kabla chai haijapoa. Hizo ngoma nyingine wamezisikiaje? Wamezionja. Vidole vipo huru, unagusa, unasikia intro, haijakushika, unaruka, na kuruka kwenyewe ni bure.

Na kinachonisumbua zaidi ni hiki, Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, wao strimu, yaani wimbo kuhesabika umesikilizwa mara moja, inahesabiwa ukifikisha sekunde 30. Kwahiyo yule aliyeonja sekunde 31 akaruka na yule dada aliyeisikia ngoma mpaka mlio wa mwisho huku anamalizia pindo, kwenye hesabu wote ni moja na moja. Tarakimu haiwezi kuwatenganisha hawa watu wawili hata siku moja. Kitu pekee kinachowatenganisha ni pale mmoja anaposema nilikua wapi, nafanya nini, mikono ilikua imeshika nini. Yaani ile stori ya mteja na bei ambayo watu wameiita upuuzi ndio ushahidi kwamba kweli alikaa na albamu, na ndio maana anajua zipi zinafanana, jambo ambalo kati ya waliomshukia sikuona hata mmoja aliyeligusa.

Fikirieni nani hasa anasikiliza albamu nzima mwaka huu. Ni mtu ambae mikono yake ina kazi. Anayekanda unga wa chapati hawezi kugusa simu, anayefua hawezi, kinyozi ana mashine kichwani kwa mtu, dereva wa bajaji ana usukani. Hao ngoma mbovu inawapitia yote, na nzuri inawapitia yote. Sisi tuliolala kitandani na simu ndio tunaruka.

Zamani tulikua wote kama fundi cherehani. Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay ya 2001 tuliisikia kwenye kanda, na kanda kuiruka ilikua kazi, unapeleka mbele unapitiliza unarudi, betri zenyewe za kuhesabu mpaka mtu anairudisha kanda kwa biro. Ukiiweka upande A unausikia upande A. Ndio maana ngoma yake ya Ndio Mzee haikubaki kwenye redio, ile habari ya mwanasiasa anaahidi kila kitu na watu wanaitikia iliingia mtaani moja kwa moja, mpaka leo mtu akiahidi makubwa kuna atakaemjibu ndio mzee. Hakuna aliyesema usichanganye albamu na maisha, ilikua haiwezekani kuvitenganisha.

Halafu mtu anasema miksing mbovu, yaani sauti na vyombo havijapangwa vizuri. Sawa, kaka, umeisikilizia wapi? Spika ya simu? Kwenye daladala ya Gongo la Mboto dirisha wazi? Hedifoni za elfu tatu? Besi inayopotea kwenye simu unaikuta imejaa kwenye spika za saluni, kwahiyo hata huo uchambuzi wa kitaalamu unahitaji mtu aseme alikua wapi, bila hivyo sina namna ya kuupima. Na nyingi ya hizo miksing mbovu nimeona zinaandikwa na watu wa timu nyingine, neno la kitaalamu limevalishwa ugomvi wa mashabiki wa Alikiba na wa Diamond. Fundi wangu hakua na timu, alikua na sare za kukabidhi Jumamosi.

Ningemuomba kitu kimoja tu, angetaja namba za zile ngoma alizosema zinafanana, maana hapo ndipo prodyuza angesimama akasikiliza. Nilimwambia hivyo nilivyopeleka suruali kupunguzwa, akaniambia ameifuta ile posti. Albamu yenyewe bado ilikua inapiga pale dukani, ngoma za katikati, na kabla sijatoka akanyoosha mkono wenye tepu ya kupimia akasema subiri, hii na inayofuata, sikiliza mwenyewe.