Vidoko havitoshi kuthibitisha ukoo

Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanazungumza lugha iliyojaa vidoko, zile sauti za kufyonza kwa ulimi. Wasandawe wa Dodoma nao wanavyo, na lugha nyingi za Namibia na Botswana pia. Mwaka 1963 mwanaisimu wa Marekani Joseph Greenberg aliziweka zote katika familia moja, Khoisan, mojawapo ya nne alizoigawia Afrika.

Hakutegemea vidoko tu. Aliorodhesha pia maneno na viambishi vinavyofanana. Lakini kufanana hakutoshi. Tunajua Kiswahili na Kikuyu ni ndugu kwa sababu p ya huku inalingana na h ya kule kwa utaratibu: panda ni handa, pona ni hona. Utaratibu wa namna hiyo Greenberg hakuuonyesha. Na vidoko vyenyewe huazimwa: Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu, ila vidoko vyao vimetoka kwa majirani zao Wakhoi na Wasan.

Mwaka 1998 mwanaisimu Bonny Sands alichapisha uchunguzi wa madai haya, na ushahidi wa kukiunga Kihadza na lugha za kusini ukaonekana dhaifu. Leo wanaisimu wengi wanakihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Nakubaliana nao, kwa tahadhari moja: baada ya miaka kama 10,000 maneno huwa yamebadilika mno hata undugu wa kweli haushikiki tena. Kukosa ushahidi si sawa na kuthibitisha kwamba undugu haukuwapo.

Wapo wanaokimbilia jeni. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa Wahadzabe na Wajuǀʼhoansi, jamii ya Wasan wa kusini, walitengana zamani sana, na baadhi wakadai vidoko ni masalia ya lugha ya kwanza ya binadamu. Dai hilo silikubali hata kidogo. Lugha hairithiwi kwa damu, na dai lenyewe linawafanya watu wanaoishi leo waonekane mabaki ya kale.

Kisandawe ni habari nyingine. “Mimi” ni tsi, na katika Kikhoekhoe, lugha ya Namibia, shina lake ni ti. Viambishi vya jinsia navyo vinakaribiana, na sarufi ya aina hiyo haiazimwi kirahisi kama sauti. Kinachotakiwa sasa ni maneno ya msingi, ya mwili, maji na moto, yanayofuata kanuni moja ya sauti. Yakipatikana ya kutosha, sehemu hiyo ya dai la Greenberg itasimama.