Dhahabu iliyofichwa ndani ya sanda

Wanaosema mapambo ya makaburi ya Misri ya kale yalikuwa majivuno ya matajiri wana hoja. Vito vya binti mfalme Sithathoryunet, vilivyopatikana Lahun mwaka 1914, vilikuwa masandukuni pamoja na kioo na nyembe zake: mali ya mtu aliyejipamba akiwa hai. Nao wezi waliovunja kaburi la mfalme Sobekemsaf, wakaungama enzi za mfalme Ramesses IX, hawakutishwa na hirizi yoyote. Wanane wao waligawana deben 160 (kipimo cha uzito cha Misri) za dhahabu, yaani kilo 14 na nusu hivi.

Ila hoja hiyo haingii ndani ya sanda. Mumia ya mfalme Tutankhamun ilipofunguliwa Novemba 1925, katikati ya vitambaa vya kitani vilikutwa vitu 143. Si vya masandukuni, si vya chumba cha jirani. Ni vya mwilini, vimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kikafunikwa na kitambaa kinachofuata. Baadhi ya vidani vyake ni bati jembamba la dhahabu ambalo mtu anayetembea na kuinama angelikunja siku hiyohiyo. Nani alitegemewa kuviona?

Masharti ya hirizi kama hizo yako kwenye Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumlinda marehemu, na yanasomeka kama maagizo ya mganga. Fundo la Isis, hirizi ya mungu wa kike, lichongwe kwa jiwe jekundu, kwa kuwa ni damu ya mungu huyo; lilowekwe katika maji ya mmea maalumu, kisha liwekwe shingoni mwa marehemu siku ya maziko. Mbawakawa wa moyo, hirizi yenye umbo la mdudu huyo, awe wa jiwe la kijani, rangi ya uhai unaochipua upya, na tumboni mwake yachongwe maneno ya sura ya 30B, yanayousihi moyo usimgeuke mwenyewe mbele ya mizani unapopimwa katika hukumu ya wafu. Moyo ukisema vibaya, zimwi Ammit anaumeza, na mtu hana tena maisha ya pili.

Rangi ndiyo iliyobeba kinga, si bei. Asiyemudu feruzi ya Sinai alitumia fayansi: mchanga wa kwatzi uliosagwa, magadi, na shaba kidogo ya kuleta buluu-kijani tanuruni. Hata kwa Tutankhamun kioo cha buluu kimekaa mahali pa lapisi lazuli, jiwe la buluu la thamani.

Na vile vilivyovaliwa kwanza duniani? Wah, msimamizi wa mali ya mkuu Meketre huko Thebes, alizikwa na mbawakawa wa fedha aliyechakaa kwa kuvaliwa. Kabla ya kufungwa ndani ya sanda, uso wa mdudu huyo ulipondwa, macho na mdomo, ili asije akamdhuru maiti. Jina la Wah, lililotiwa kwa dhahabu mgongoni mwake, halikuguswa.