Unabandika tu

Juzi Jumamosi kikao cha harusi kilikuwa kwangu. Mnaovijua vikao vya harusi vya mji huu mnajua mwendo wake: kadi inasema saa kumi, watu wanafika kumi na mbili, ajenda ya kwanza ni nani hajamaliza ahadi na ya pili ni soda zimeisha. Meli yangu, mfano mdogo wa meli ya kale ninaouunda kwa vipande vya mbao vinavyouzwa kwenye boksi, nilikuwa nimeipandisha juu ya kabati la televisheni ili watoto wa wajumbe wasiiguse. Mweka hazina wetu, mtu ninayemheshimu sana kwa hesabu zake, akaiona. Akaikagua kwa macho juu na chini, kisha akaokota kwenye sahani yangu kipande cha mbao chenye kingo nyeusi za kuunguzwa na leza. Akasema mbele ya kamati nzima:

"Aah, kumbe vinakuja vimeshakatwa! Basi kaka, unabandika tu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mwenyeji ni mimi na pilau ilikuwa bado jikoni. Lakini neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Unabandika tu. Kama stika ya bima kwenye kioo cha gari!

Meli yenyewe ni Bounty. Nimeichagua kwa sababu ya mishelisheli. Ndiyo, haya haya mashelisheli tunayopika kwa nazi. Mwaka 1787 jeshi la majini la Uingereza lilinunua meli ya mizigo, likamtuma William Bligh kwenda Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli aipeleke visiwa vya Karibi, ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wao. Miche ilipakiwa zaidi ya elfu moja, chumba cha nahodha kikageuzwa kitalu. Tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia wakaasi, wakamshusha Bligh na watu 18 kwenye mashua ya mita 7, na miche ikatoswa baharini. Bligh akaiongoza mashua ile hadi Timor, siku 47, bila ramani ya maana. Mwaka uliofuata waasi wakaichoma Bounty wenyewe kule Pitcairn. Yote hayo, chanzo shelisheli. Kwa kipimo cha moja kwa sitini, mita 27 na ushee za meli ile zimekuwa sentimita 46 mezani kwangu. Bei ya boksi sitaitaja, mama watoto anasoma huku.

Sasa turudi kwenye kubandika.

Mataruma, yaani mbavu za meli, yanakuja yamekatwa. Hilo nakubali, tena kwa shingo upande. Unayachomeka kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa meli chini kabisa, moja baada ya jingine mpaka kitu kinafanana na samaki aliyeliwa, unahakikisha yamesimama wima, jioni mbili kazi imekwisha. Mizinga midogo nayo imetoka kiwandani imekamilika. Hapo mweka hazina ana haki yake, aichukue na aiingize kwenye daftari.

Lakini mbao za ubavuni hazikukatwa na mtu. Zinakuja zimefungwa kama tambi: vipande virefu vilivyonyooka, vyote upana milimita 5 mwanzo hadi mwisho. Haya, shika rula. Katikati ya meli, toka ukingo wa sitaha hadi mkukuni, ubavu wangu una milimita 100. Gawa kwa 5, mbao 20. Safi. Njoo omo, yaani mbele, pale mwili unapojikusanya kuungana na hanamu, ule mti wa mbele kabisa: milimita 60. Mbao ni zile zile 20, kila moja inadai milimita zake 5. Ishirini mara tano ni mia, nafasi iliyopo ni sitini. Mheshimiwa mweka hazina, hizo arobaini unaziweka fungu gani?

Kila ubao lazima uukondeshe. Unaanza na 5 katikati, unapungua taratibu hadi 3 ukifika omo, kwa wembe na msasa, ubao mmoja mmoja. Ukizidisha ukapita nusu ya upana wake, ncha inakuwa kijiti cha meno, inapasuka ukiitazama tu. Meli nyingine zimebana omo kiasi kwamba ukifika hapo mbao mbili zinaingia kwenye moja, na moja inaishia njiani. Nenda tezi sasa, yaani nyuma, mambo yanageuka: karibu na fashini, ule mti wa nyuma kabisa, ubavu unapanuka, mbao zinaachana kama vidole vya mkono, na nafasi zile unazijaza kwa vipande vya pembetatu ulivyovichonga mwenyewe. Kwenye boksi havimo.

Halafu kuna kupinda. Ubao unaloweka maji ya moto nusu saa, unaupitisha kwenye pasi taratibu. Kupinda kwa ubapa unakubali. Kujisokota unakubali, kwa manung'uniko. Lakini kupinda kwa ukingo, yaani upande upande, haukubali hata uuimbie. Ukiulazimisha, ukingo mmoja unanyanyuka kama kola ya shati lisilopigwa pasi. Unabana kwa vibanio vya nguo (nimemaliza vibanio vyote vya nyumba hii, kanga zinapeperukia kwa jirani), unasubiri kesho. Ukiweka mmoja kulia lazima uweke mwenzake kushoto, la sivyo ubavu mmoja unauvuta mkuku mzima na meli inakuwa ndizi. Mbao 20 kulia, 20 kushoto, arobaini. Zikiisha zote unapiga msasa, na unaanza upya tabaka la pili, mbao nyembamba za mti wa jozi.

Na nitasema jambo ambalo kwenye kikao sikulisema. Mara ya kwanza mimi nilibandika tu. Neno lake hasa. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inapiga bati, sina pa kwenda, nikachukua mbao kama zilivyotoka boksini, nikapaka gundi, nikakandamiza. Kufika ya saba, omo palikuwa kama fungu la kuni. Kufika ya kumi na moja nikaacha. Mwezi wa saba kipupwe kilipoingia, mbao zilizokuwa zimevimba kwa unyevu wa masika zikasinyaa, na kati yake nikaona nyufa ambazo ungepitisha unywele. Niling'oa zote 11 kwa maji ya moto na kisu butu. Wiki nzima. Kwa hiyo anayetaka kujua meli ya kubandika inafananaje, aniulize mimi, nina uzoefu.

Nilipokwama nikaipeleka Kunduchi. Niliipakata kwenye daladala, imefungwa kwenye shuka. Konda akanitazama, akauliza, "Mzee, hiyo meli ina abiria wangapi? Maana kila mtu ana nauli yake." Nikalipa siti mbili, yaishe.

Pale ufukweni, chini ya mkungu, nilimkuta mzee mmoja anakalafati mashua: pamba, patasi, nyundo, anaishindilia pamba kwenye viungo vya mbao bila haraka. Shikamoo. Marahaba. Nikafungua shuka. Hakuniuliza nimeitoa nchi gani wala imenigharimu kiasi gani. Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono, akaipindua meli kichwa chini miguu juu, akapitisha kidole gumba kutoka katikati kwenda omo, amefumba macho.

"Umeanzia juu au mkukuni?"

"Juu, mzee. Halafu mkukuni, ndio zikutane katikati."

"Basi kosa lako lipo katikati." Kidole kikasimama. "Hapa. Huu uliulazimisha."

Ulikuwa ubao wa saba. Ule niliouimbia.

Nikamuuliza yeye anajuaje ubao utakonda kiasi gani ukifika omo, kwa kuwa mashua yake ilikuwa na mita kama nane na sikuona karatasi hata moja pale. Akachukua ufito mwembamba, akaulaza juu ya mataruma ya mashua bila kuugandamiza, ukalala wenyewe na kwenda ulikotaka. Akachora mstari kwa mkaa. Basi. Nimerudi nyumbani nikafanya hivyo hivyo kwa kipande cha tambi zangu na penseli, na ubavu wa kulia sasa ukipitisha kidole hukutani na kitu.

Najua mnaotaka kuniuliza kwa nini nahangaika na meli ya Waingereza badala ya jahazi. Nionyesheni boksi la jahazi, kesho nalinunua. Na wale wa "mtu mzima na midoli", nyie nendeni mkaangalie mpira, tukutane dakika ya tisini mkitukana refa asiyewasikia.

Huko nyuma watu wa pwani hii walikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma. Mmoja ulijengwa upya ukawekwa kwenye jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, Unguja, kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020. Nilisimama mbele yake zamani kidogo na watoto wa shule kama hamsini, wote midomo wazi. Sikumsikia hata mmoja akisema, aah, kumbe walikuwa wanashona tu.

Kamba za milingoti sijazianza. Nimezihesabu kwenye mchoro, nikaukunja mchoro.

Kikao kijacho kimebaki hapa hapa kwangu, maana mwenyekiti anapaka rangi nyumba. Meli haipandi tena kabatini. Nitaiweka katikati ya meza, ubavu wa kushoto juu, ambao umebakiza mbao nne, na pembeni wembe, msasa, bakuli la maji ya moto na pasi. Mweka hazina akifika mapema kama kawaida yake, namuachia mmoja abandike.