Chumba cha Ubaridi: Kizimwe Kioshwe, au Kisafishwe Kikiwa Kazini?

Wauzaji wa nyama, samaki na maziwa wana ubishi wa siku nyingi kuhusu vyumba vya ubaridi: je, chumba kitolewe bidhaa zote, kizimwe na kuoshwa kuanzia dari hadi sakafu, au kisafishwe sehemu kwa sehemu kila siku huku kikiendelea kufanya kazi?

Wanaotaka kizimwe wana hoja nzito. Bakteria aitwaye Listeria, tofauti na wengi wanaochafua chakula, huendelea kuzaliana hata katika nyuzi joto 4 za Selsiasi, hivyo ubaridi peke yake si kinga. Mlipuko wa Afrika Kusini wa mwaka 2017 na 2018, uliotokana na soseji aina ya poloni, uliambukiza watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200. Bakteria huyo hustawi penye unyevunyevu pasipofikiwa na kitambaa cha kila siku: trei ya maji chini ya kipozeo (kifaa cha ndani kinachopoza hewa ya chumba), bomba linaloyatoa maji hayo, mikunjo ya raba ya mlango, na ufa ulio kati ya sakafu na ukuta. Kipozeo chenyewe, ambacho feni zake hupuliza hewa juu ya kila kilichomo chumbani, hakiwezi kufunguliwa na kuoshwa kwa usalama bila kukata umeme.

Wanaopinga kukizima nao hawapingi kwa uvivu tu. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mwenye bucha aliye na chumba kimoja hana pa kuiweka nyama wakati wa kuosha. Isitoshe, maji ya moto hutoa mvuke unaoshika darini na kudondokea bidhaa, mpira wa presha ukielekezwa kwenye mfereji hurusha matone machafu hadi kwenye rafu, na dawa kali ya klorini hula mapezi, yaani vibamba vyembamba, ya alumini ya kipozeo. Uoshaji wa pupa unaweza kukiacha chumba kikiwa hatari kuliko kilivyokuwa.

Kwa maoni yangu, ubishi huu unachanganya vyumba viwili visivyofanana. Katika chumba cha kugandishia, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria hawazaliani, ingawa wengi hawafi. Maji yakimwagwa humo hugeuka barafu ya kuteleza, kwa hiyo ufagio na kikwanguo vinatosha kwa siku za kawaida, na kukizima kunaweza kusubiri akiba ipungue. Chumba cha kupozea, ambacho hakigandishi bidhaa, hakina nafasi hiyo. Rafu na sakafu zake zisafishwe mara kwa mara, lakini kipozeo, trei na bomba vitengewe siku yake, ikiwezekana kabla ya mzigo mpya kuingia, huku bidhaa chache zilizobaki zikiwekwa kwenye makasha yenye barafu. Baada ya sabuni, kusuuza na dawa, hatua inayorukwa zaidi ni kukausha, nayo haihitaji gharama kubwa: feni ziachwe zikizunguka, mtambo wa kupoza ukiwa umezimwa, mpaka dari na pembe zikauke, ndipo bidhaa zirudishwe.