Mtoro wa kliniki

Kwenye matibabu ya saratani za watoto kuna neno "mtoro": mtoto aliyeanza dawa akapotea kabla ya kumaliza. Korona ilipoingia, mgonjwa wa kwanza nchini akitangazwa hapa Arusha Machi 16, 2020, neno hilo lilisikika sana, na lawama zikaelekezwa kwa wazazi. Eti wamekimbilia kwa waganga. Wapo waliokimbilia, sikatai.

Jirani yangu alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mwanawe wa miaka saba alikuwa na saratani ya damu, ya aina ambayo dawa zake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Nauli ya kliniki na chakula cha mama anayeuguza vilitoka mlimani. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 hawakufika hata 625,000. Kadi ya mtoto alinionyesha, ameikunjia ndani ya daftari la shule. Tarehe tatu mfululizo hazina sahihi, na pembeni mtu ameandika kwa peni nyekundu: mtoro.

Madaktari nao wana hoja. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe, mtoto anabaki hana kinga, na wodi zetu vitanda vimebanana. Kupunguza ndugu wodini na kuwasogezea mbele tarehe za kliniki waliokwisha maliza dawa kulikuwa na akili. Ila korona haikuwaumiza sana watoto wengi, wakati uvimbe wa Burkitt, saratani ile ya taya, unaweza kukua mara mbili ndani ya siku mbili tu. Ukimwambia mama wa mtoto huyo asubiri wiki tatu, umempa hesabu gani?

Utafiti uliotoka 2021, uliohoji hospitali 213 katika nchi 79, ulikuta asilimia 34 zikisema watoto wanaoacha matibabu wameongezeka. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Mimi huwa narudi kwenye nyingine ya utafiti huohuo: asilimia 60 zilipungukiwa damu. Hapa kwetu wachangiaji wakubwa wa hiari ni wanafunzi wa sekondari, na shule zilifungwa Machi, nyingi hazikufunguliwa hadi mwisho wa Juni. Mtoto anayepewa dripu za saratani hukaushwa damu na dawa zenyewe. Bila damu, na bila chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo hata zikipatikana hazikai zaidi ya siku tano hivi, daktari hana la kufanya ila kuahirisha dozi. Basi mama anapanda Kosta, anafika, anaambiwa damu hakuna, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo nauli haipo. Kwenye hesabu ataingia kama aliyeacha. Aliyerudishwa hana safu yake. Na kwa aliyehitaji mionzi, mwaka ule safari ilikuwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza.

Jirani yangu alimrudisha mwanawe Septemba, baada ya kuuza mbuzi wawili. Dawa zikaanza upya, kana kwamba miezi ile ya mwanzo haikuwepo.

Kwenye kona ya kadi kuna namba yake ya simu, iliandikwa na nesi siku ya kwanza. Anaitumia mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuipiga.