Maji hayachomi kitambi, lakini yasidharauliwe

Dai linalozunguka kwenye simu zetu hapa Dar ni kwamba maji ya uvuguvugu yenye ndimu, yakinywewa asubuhi, huyeyusha kitambi. Wanaolipinga wana hoja. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin waliripoti kuwa nusu lita ya maji huongeza kasi ya mwili kutumia nishati kwa asilimia 30. Miaka mitatu baadaye wenzao wa Uswisi walipima upya: maji ya kawaida hayakuongeza kitu, na ya baridi ya nyuzi 3 yaliongeza asilimia 4.5 tu. Hata tukiwakubalia wa Berlin, hesabu yao ni takriban kalori 24, hazifiki vijiko viwili vya chai vya sukari.

Ila kutoka hapo kusema maji hayahusiani na unene ni kuruka mbali mno. Birmingham, Uingereza, mwaka 2015, watu wazima 84 wenye unene uliopitiliza waligawanywa: wengine wanywe nusu lita nusu saa kabla ya mlo, wengine wawaze tu kwamba tumbo limejaa. Baada ya wiki 12, wanywaji walikuwa wamepungua takriban kilo 1.3 zaidi. Utafiti ni mdogo, sawa, lakini kilo hiyo haikuhitaji dawa.

Kwangu mimi uzito wote uko kwenye soda. Pita kwa mama lishe Kariakoo saa saba mchana: wali maharage, mchicha pembeni, na kola inayotoka jokofuni ikichuruzika. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na 25 ndiyo bora zaidi. Chupa moja imeshapita hizo 25, na wali haupungui sahanini, maana sukari ya kunywa haishibishi kama chakula. Anayechukua maji badala yake ameepuka kalori 140, karibu mara sita ya zile 24 zinazobishaniwa.

Sasa kwa nini hachukui? Jagi lipo mezani, kikombe kimoja cha plastiki kinazunguka meza nzima. Aliyekuwepo Dar kipindupindu kilipolipuka mwaka 2015 anaiona soda ndiyo salama, na simlaumu. Ndoo yenye bomba, maji yaliyochemshwa na vikombe vya kutosha vingemfaa kuliko kuhimizwa glasi nane kwa siku.